Kamba za Viatu kutoka Njombe

Brussels, Jumapili, saa nane mchana

Faraja mwanangu,

Salamu tunaziruka. Asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza mkate wote na kubakiza kipande kimoja ili isisemwe umeumaliza, kwa hiyo najua u mzima. Sasa hivi uko saluni pale Galerie d'Ixelles, kichwa chako kiko mikononi mwa Maman Béa, na ninavyomjua hatakuachia kabla rasta hazijakaza mpaka nyusi. Ukirudi tutakula, papa yako atasali ile sala yake inayopoza chakula, na kesho asubuhi tutakusindikiza stesheni ya Midi. Hapo katikati hakuna nafasi ya mimi kusema haya bila kulia au kufoka, na unajua yote mawili nayaweza. Ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu.

Sitakuandikia habari za pasipoti wala dawa, wala uongee na nani na nani usiongee naye. Hayo unayajua, na mengine ni wewe uliyenifundisha. Nataka kujibu swali lako la Alhamisi.

Alhamisi ulikuwa umekaa sakafuni, vitu vyako umevitandaza kwenye zulia. Buti zako za mtumba ulizopata soko la Marolles. Ndala za kuogea kwenye hosteli. Soksi za sufu jozi tatu. Begi la kulalia ambalo likikunjwa halizidi kabichi. Na ile shuka niliyokushonea kama mfuko kwa khanga zangu mbili kuukuu, kwa sababu ulisema hosteli nyingine hazipokei begi la kulalia la mgeni kwa kuogopa kunguni. Miezi miwili, kutoka hapa mpaka Athens, na vyote hivyo viliingia kwenye begi moja la mgongoni, nafasi ikabaki.

Na mimi nafasi ikibaki siwezi kutulia. Nilikuwa nimekwisha kukusukumia chini kabisa lile blanketi la kahawia, halafu juu yake zile buti mpya nilizokununulia, saizi moja zaidi, eti uvae na soksi mbili. Ukavitoa. Hukuninunia. Ulisema tu, "Mama, hili blanketi peke yake linazidi uzito wa vitu vyangu vyote. Na buti mpya zitaniua siku ya kwanza."

Nikanyamaza, jambo ambalo lilipaswa kukutisha. Kisha kamba ya buti yako ya kushoto ikakatika, ukaenda kutafuta nyingine kwenye droo ya kabati la ukumbini, ukarudi na mfuko wa plastiki.

"Mama, hizi kamba zote za nani? Humu ndani hakuna mtu mwenye viatu vya kamba kama hizi."

Nikakupokonya mfuko kama umeiba. Nikasema uende na viatu vyako vibovu, na vikikutoa malengelenge usinipigie simu. Papa yako akaacha kuangalia mpira, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Mama Faraja, acha mutoto. Ni ye atabeba sac, haina weye." Wewe hukujibu kitu. Ulifunga fundo kwenye kamba iliyokatika, ukaendelea kupanga. Nakushukuru kwa ule ukimya wako. Mimi katika umri wako ningejibu, na mlango ungejibu pia.

Kamba ni za Babu yako wa Njombe.

Unajua Babu alikuwa fundi viatu pale karibu na soko. Usilolijua ni kwamba mimi nilimwonea haya baba yangu, na haya hiyo ndiyo niliyosafiri nayo kuja huku. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipata kazi ya kulea watoto wa familia moja ya mwanadiplomasia hapa Brussels, na mtaa mzima ulijua naondoka. Baba akanisimamisha juu ya kipande cha boksi, akapiga magoti, akachora nyayo zangu kwa penseli, wa kushoto peke yake na wa kulia peke yake, kwa sababu mguu wangu wa kulia ni mrefu kidogo na yeye alilijua hilo kabla yangu. Alishona kwa wiki mbili. Ngozi nyeusi nene, mshono mara mbili, na chini soli ya tairi la lori. Alichagua tairi la lori kwa makusudi. Alikuwa amesikia kwamba Ulaya wakati wa baridi watu huteleza barabarani.

Vilikuwa viatu vizuri, Faraja. Nasema leo. Siku ile mimi niliona tairi tu. Niliona watu wa kiwanja cha ndege wakinitazama miguuni na kusema huyu katoka shamba. Kwetu ukisafiri huvai kilichozoea mguu, unavaa kipya, unavaa cha kuonekana, kwa sababu safari ni sherehe na wanaokusindikiza wanapiga picha. Basi nilipofika Dar es Salaam nikaingia Kariakoo, nikajinunulia viatu vya mchuchumio, rangi ya damu ya mzee. Vilinibana dukani na nikaona ni kawaida. Asubuhi ya kuondoka nilivisukuma viatu vya baba chini ya kitanda cha gesti, vikiwa bado kwenye gazeti lake, nikamwambia binamu yangu Elia kwamba niko tayari.

Kwenye ndege miguu ikavimba. Nikavua viatu, na tulipotua Zaventem vikakataa kurudi. Nilipita mbele ya polisi wa uhamiaji nimevikanyaga visigino, nachechemea, na picha yangu ya kwanza Ulaya, ile uliyoipenda kwa sababu ya koti, imekatwa magotini. Nilimwambia mpigaji asichukue chini.

Wiki mbili baadaye nilipewa Jumapili yangu ya kwanza ya mapumziko. Nikaambiwa mtaa wa Matonge kuna watu wanaongea Kiswahili. Nikatoka na viatu vyangu vya damu ya mzee kwenye theluji, na mbele ya Galerie d'Ixelles nikaanguka chali. Mwanamke mmoja akatoka saluni, kitana kimechomekwa kichwani, akanitazama kuanzia juu mpaka chini na kuishia kwenye viatu.

"Alors, ma chérie, ulikuya ku mariage ao ulikuya mu baridi?"

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba aliniuliza kama nimekuja harusini au kwenye baridi. Ndivyo nilivyojuana na Maman Béa. Alinivua viatu mwenyewe, akasema, "Angalia miguu yake, bon Dieu, inafanana na mukate." Akaniletea beseni la maji ya uvuguvugu, akanipa ndala zake za manyoya, akanifunika blanketi la kahawia alilokuwa akilitumia kulala mchana wateja wakipungua. Hakuniuliza mimi mtoto wa nani. Nilivyosema nitalirudisha blanketi Jumapili ijayo, alisema nitarudisha nikipata lingine. Nilipata mengine mengi, na kila nikimpelekea lake anasema hana pa kuliweka. Blanketi uliloninyooshea Alhamisi ndilo hilo. Nimekueleza uzito wake ulivyo kwangu. Si sababu ya wewe kulibeba.

Siku hiyohiyo, nikiwa na ndala za watu na blanketi la watu, niliingia kwenye kibanda cha simu mlemle ndani ya Galerie nikampigia baba. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu niondoke. Aliuliza chakula, akauliza baridi, kisha akauliza, "Na vile viatu vinakufaa?"

Nikasema, "Vinafaa sana, baba. Soli haitelezi hata kidogo."

Halafu akasema, "Haya. Nimefurahi."

Miezi mitatu baadaye, mwanafunzi mmoja aliyetoka nyumbani akaniletea bahasha. Ndani kulikuwa na jozi moja ya kamba za viatu, nyeusi, zimepakwa nta ya nyuki, zimekunjwa na kufungwa uzi. Nikampigia baba kumwambia kamba zimefika. Akasema vizuri, zile za mwanzo zitakuwa zimeanza kulegea. Tangu hapo kila aliyekuja huku akitokea upande wetu alibeba jozi. Padri alileta. Muuguzi alileta. Kuna mama alikuja harusini akazisahau kwenye sanduku, akanitumia kwa posta kutoka Antwerpen. Na kila zikifika napiga simu, nasema kamba zimefika, tunaongea nusu saa. Kamba zenyewe nilizitia kwenye mfuko. Sikuwa na viatu vya kuzitia.

Nilipokwenda nyumbani mara ya kwanza, nimekubeba mgongoni, baba alinitazama miguuni. Nikawahi kusema vile viatu nimeviacha Brussels kwa sababu ni vya baridi. Akaitikia, "Umefanya vizuri. Vumbi la huku lingeviharibu." Nikaona nimepona.

Sasa nakuja kwako, na hapa ndipo pananiuma. Ulikuwa na miaka tisa, shule ikawapeleka kambini Ardennes wiki nzima. Walileta karatasi: buti za mvua, begi la kulalia, nguo za kuchafua. Mimi niliisoma ile karatasi nikaona Wabelgiji wanapenda kutia chumvi. Sikutaka mtoto wangu aonekane hana wenyewe. Nikakuvalisha viatu vya kanisani vinavyong'aa, nikakufungia blanketi hilihili na shuka za kitanda zilizopigwa pasi. Jumatano wakaruhusu simu. Nikauliza, "Viatu vinakufaa?"

Ukasema, "Vinafaa sana, mama."

Ijumaa ulishuka kwenye basi unatembea kwa pembe za miguu. Nyumbani nilikuloweka kwenye beseni la maji ya chumvi, soksi ikatoka na ngozi. Nilikuuliza kwa nini hukusema. Ulisema, "Ungehuzunika." Miaka tisa, Faraja. Niliingia jikoni nikafungua bomba ili usinisikie. Ningeweza kukwambia siku ile kwamba uongo huo ni wangu, ulinipita mdomoni kabla hujazaliwa. Nilikupaka mafuta tu, nikakukaangia mandazi. Ndilo kosa langu ninalolijutia kuliko viatu vya Kariakoo, kwa sababu la Kariakoo niliumia mimi.

Kwa hiyo unaona, ulipotaka kutumia zile kamba, ulikuwa umeshika mkononi uongo wangu wa miaka yote, umefungwa uzi. Nilikufokea kama mwizi anavyomfokea aliyewasha taa.

Lakini sikukaa kukuandikia ili nijipige kifua tu. Nina shukrani nyingi na sijazisema. Kiwanda cha magari cha Forest kilipofungwa, papa yako alirudi na buti zake za kazi, zile zenye chuma puani, ndani ya mfuko wa dukani. Akaziweka mlangoni. Miaka ishirini na zaidi alisimama kwenye zile buti akifunga milango ya magari ya watu, na sasa anakaa kwenye kochi tangu asubuhi na hataki hata kwenda kununua mkate. Mimi nilijaribu maneno. Unajua maneno yangu. Wewe ulinunua buti za mtumba, ukasema, "Papa, lazima nizilainishe kabla ya safari, na peke yangu msituni naogopa."

Wewe, msitu wa Soignes, unaogopa. Mtoto aliyekuwa akirudi na tramu ya mwisho kutoka kwa marafiki. Papa yako akakubali, akavaa buti zake za kiwandani, na kila Jumamosi mkawa mnaondoka wawili, mnarudi na matope mpaka magotini. Jumamosi ya tatu nikamsikia anacheka kwenye ngazi. Nilikuwa namenya viazi, nikakiweka kisu chini ili nisikie vizuri. Sijawahi kukwambia asante kwa ajili ya kicheko kile. Asante. Hivi ninavyoandika yuko kibarazani anazipaka buti zako mafuta, anazisugua kwa kitambaa kama zitapanda ndege ya rais, na tayari wiki ijayo ana mtu wa kwenda naye msituni. Nimejiandikisha.

Leo mlipoondoka wewe na kichwa chako kwenda saluni, nilimpigia Babu. Mama yako mdogo Tulia akamshikia simu, picha inaonyesha paji la uso tu na dari. Nikamwambia Faraja anaondoka kesho, atatembea nchi nyingi. Akauliza, kama nilivyojua atauliza, "Anavaa nini miguuni?" Nikasema buti kuukuu alizozilainisha mwenyewe. Akasema, "Huyo ana akili. Kamrithi nani?"

Nikaona nisipolisema leo sitalisema tena. Nikasema, "Baba, vile viatu ulivyonishonea sikuvivaa. Niliviacha gesti, Dar es Salaam, chini ya kitanda. Sijavivaa hata siku moja."

Paji la uso halikusogea. Nikafikiri mtandao umekatika. Kisha akasema, "Najua, binti yangu."

Elia alirudi gesti kurudisha ufunguo, mwenye nyumba akampa viatu. Yeye akadhani nimevisahau. Akavipandisha basi la Njombe, na siku ya tatu vikawa mezani kwa baba. "Siku ile unanipigia," akasema, "ukaniambia soli haitelezi, nilikuwa nimevishika."

Faraja, niliona aibu mpaka masikio. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema nilikuwa mbali, kwenye baridi, peke yangu, na nilikuwa najitahidi kumfurahisha, sasa angesema nini? Viatu akampa mwalimu mmoja wa pale shule ya msingi, mwanamke wa mguu kama wangu, akavivaa miaka minne kwenye matope ya Njombe. "Na hukusema uongo sana," akaniambia. "Soli haikuteleza kweli." Tulia akacheka, simu ikaanguka, nikaona sakafu.

Alipookota nikauliza lililobaki. "Sasa baba, kama ulijua sina viatu, kamba zote zile za nini?"

Akasema, "Mtu anayekwenda Ulaya ukimpa debe la maharage atakataa. Atasema sanduku limejaa. Kamba hakuna aliyekataa. Na kila zikifika ulikuwa unapiga simu."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya hapo. Papa yako akachungulia, akauliza, "Ni nini tena? Babu iko muzuri?" Nikamwambia Babu ni mzima kabisa. Akaniletea chai bila kuuliza zaidi, na hilo pia namshukuru.

Basi mwanangu, nimelifungua begi lako mara moja ya mwisho, na usikasirike. Juzi usiku ulipolala nilikuwa nimelirudisha lile blanketi chini kabisa, nikaweka soksi juu yake usilione. Ndiyo. Papa yako alinishika mkono nikasema natafuta dawa. Leo nimelitoa. Limekunjwa kitandani kwangu na litakuwepo ukirudi. Buti mpya kesho nazirudisha dukani. Begi lako utakuta ni jepesi, na kila kilichomo umekichagua wewe.

Nimebadilisha kitu kimoja tu. Kamba iliyofungwa fundo nimeitoa, pamoja na mwenzake, nikatia jozi ya Njombe kwenye buti zako, mpya kabisa, bado zinanukia nta. Zitasumbua vidole vyako mwanzoni, kisha zitalainika. Ile kauli yangu ya Alhamisi kwamba usinipigie, nimeifuta. Viatu vikikuumiza, sema vinaumiza. Ukiibiwa, ukipotea, ukiugua, ukilala kwenye benchi la stesheni, ukijuta kwa nini uliondoka, sema vilevile kama ilivyo. Nitahuzunika. Naweza kuhuzunika na nisife.

Na kukiwa hakuna la kusema, kama umechoka, au uko na watu wazuri na hutaki maswali ya mama, basi nipigie tu kila mji unaofika useme, "Mama, kamba zimefika." Nitashukuru Mungu, na nitakata simu mimi mwenyewe.

Mama yako